Kipanya cha Mgongo Laini, Kibao na Vidole Vyangu Vikavu

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umekaa juu ya Karatu tangu alfajiri kama mgeni asiyejua kuaga, na baridi imeingia mpaka kwenye viganja. Nimechoka. Nalisema hilo kwanza ili lisinisumbue tena huko mbele.

Sijachoka kwa jembe. Uchovu wa jembe naujua, ukilala unaondoka. Huu ni uchovu wa kujifunza kitu ukiwa na mvi, huku mtu unayempenda amesimama nyuma ya bega lako anahema.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wangu Neema amepata kazi ya mapokezi kwenye kambi ya watalii huko Ngorongoro, juu, karibu na ukingo wa kreta. Gari la kambi litampitia Jumatatu asubuhi. Yeye hataki kwenda. Hasemi kwamba hataki. Anasema, "Ama, nitakuachaje peke yako?" Ama ni bibi kwa Kiiraqw, na akilivuta neno hilo namna ile najua anatafuta pa kujificha.

Nikamwambia mimi si kifaranga. Nina kuku, nina mbuzi, nina miguu miwili na mdomo wa kuwaita majirani.

"Na kompyuta?" akasema. "Na blogu yako? Hata mshale ukipotea unaniita mimi."

Hapo alinishika pabaya.

Basi tukakubaliana. Nikiandika ukurasa mmoja na kuuposti mwenyewe, bila yeye kugusa kitu na bila kuniambia bonyeza hapa, bonyeza pale, anapanda gari. Nikishindwa, anapiga simu kambini awaambie wampe mwingine hiyo nafasi. Siku ya mtihani ni leo. Ukurasa wenyewe ndio huu.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilizijua kwa kumsimamia Neema akifanya kazi zake za darasani. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nachambua maharage na kukitazama kidole chake kinapopita. Mama yake, binti yangu, alifariki huyu akiwa bado hajaota meno. Nimemlea mimi. Alipomaliza chuo alifungua kiduka cha kuchapa na kutoa kopi mjini. Kikafa, kama vinavyokufa viduka, na kompyuta ikaja kukaa sebuleni kwangu kando ya debe la unga. Ndipo nilipoanza kuandika humu. Naandika habari za mahindi, za magoti, za wajinga. Wapo wanaonijibu kutoka mbali. Kuna mjane mmoja wa Mbulu, uso wake sijawahi kuuona, nikikaa kimya wiki nzima ananiuliza kama bado napumua.

Kwa hiyo na mimi nina changu cha kupoteza hapa. Sijifanyi mtakatifu.

Kompyuta yenyewe ni ile ya kusimama, kioo kikubwa na kibodi mbele yake. Cha kuusogeza mshale ni kipanya au kibao, na Neema anavyo vyote viwili, vilibaki kutoka kile kiduka chake. Kipanya hiki si kama vile vya zamani vyenye kigurudumu. Hakina kigurudumu, hakina kitufe unachokiona. Mgongo wake ni laini kama yai la kuchemsha lililomenywa, na mgongo huo ndio unaoupapasa. Ukipeleka kidole mbele au nyuma, maandishi yanapanda na kushuka. Ukipapasa kwa vidole viwili kwenda pembeni, unahama ukurasa. Kibao chenyewe ni bapa, kinalala mezani kama kipande cha kigae. Hakiendi popote. Vidole ndivyo vinavyotembea juu yake.

Kimoja anakwenda nacho, kimoja kinabaki na mimi. Nichague.

Nilimwambia anisomee wanachosema watu huko mtandaoni. Mmoja anasema chukua kipanya, mkono hukizoea upesi. Mwingine anasema chukua kibao, kifundo cha mkono hakitauma. Wanabishana humo kama watu wa kilabuni. Hakuna hata mmoja aliyesema vidole vyake vimetoka kupukuchua mahindi.

Nilianza na kipanya. Nasema ukweli, nakipenda. Kinajaa kiganjani. Mtu aliyeshika jembe, mchi na mwiko maisha yake yote anataka kitu cha kushika, na kile kinashikika. Tatizo la kwanza lilikuwa meza. Nimeitandika kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua, na juu ya yale matundu mshale ulikuwa unaruka kama panzi. Neema akataka kukitoa. Nikamwambia meza yangu haitakaa uchi kwa ajili ya panya. Tukaweka kalenda ya zamani ya kanisa chini yake, ikatulia.

Tatizo la pili lilikuwa mimi mwenyewe.

Mimi nilikua nikisaga kwa jiwe. Mama alinipigisha magoti mbele ya jiwe la kusagia nikiwa mdogo kiasi kwamba kichwa changu kilikaribia kugusa unga. Na jiwe hulisukumi kwa ncha za vidole. Unalilalia kwa kiganja chote na uzito wa mabega, unasukuma mbele, unavuta, unasukuma. Mkono wangu ukikuta kitu laini cha mviringo hauniulizi. Unasukuma. Na mgongo ule unasikia kila kinachougusa, kiganja, kidole gumba, vyote. Mimi nataka mshale uende kwenye neno, wenyewe unanipandisha ukurasa mpaka juu, unanishusha, unanitoa nje kabisa.

Neema akanionyesha. "Kwa wepesi, Ama. Kama unamgusa mtoto aliyelala."

"Mtoto aliyelala simgusi. Namwacha alale."

Jumatano niliandika tangu chai ya asubuhi mpaka mbuzi wakaanza kulia njaa. Nilikuwa naandika habari za mume wangu. Jinsi alivyokuwa akizungumza na maksai wakati wa kulima, maneno matamu ambayo mimi hakuwahi kunipa, na jinsi nilivyomwonea wivu dume moja jekundu msimu mzima. Nilikuwa nacheka peke yangu nikiandika. Halafu nikasogeza kipanya, mkono ukasukuma kama ulivyofundishwa na mama yangu, vidole viwili vikateleza pembeni, na ukurasa ukaondoka. Niliporudi ulikuwa mweupe. Mtandao ulikuwa umekatika, kwa hiyo hakikubaki kitu cha kuokota.

Neema alitafuta kila mahali. Mimi nikasimama dirishani nikitazama shamba.

Sikulia. Macho yalitoa maji tu.

Akaketi juu ya debe la unga. "Unaona, Ama? Ndiyo maana siendi."

Na hapa naandika kitu ambacho sikumwambia. Aliposema vile, moyo wangu ulifurahi. Ukurasa wa mume wangu umepotea, maji hayajakauka usoni, na moyo unafurahi kwa sababu mtoto anabaki. Nikajishika hapohapo. Nikaenda kuwakatia mbuzi majani nikiwa na hasira na mimi mwenyewe, na mbuzi wakajua.

Alhamisi tukahamia kwenye kibao. Kibao hakikunijua kabisa. Napitisha kidole, mshale umesimama. Napitisha tena, umesimama. Nikabonyeza kwa nguvu.

"Ama! Unabonyeza kama unaua kupe!"

"Kwa hiyo nikibembeleze?"

"Hakitaki nguvu. Kinataka ngozi."

Ngozi. Wanangu, mwezi wa saba hapa kwetu ni mwezi wa kupukuchua. Tumekaa uani na magunia, gunzi kwa gunzi, na baridi na vumbi jekundu vinamalizia kazi. Ncha za vidole vyangu zimekuwa gome la mti. Neema akiweka chake, kile kidole cha mapokezi, mshale unakimbia. Nikiweka changu, kibao kinaona kijiti.

Nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa huku angefanya. Nikachukua mafuta ya mgando nikajipaka mikono mpaka ikang'aa, kama naenda harusini. Kibao kikageuka kikaango. Mshale ulikwenda popote ulipotaka, na vidole vyangu vikabaki vinateleza nyuma yake. Neema akakifuta kwa khanga yake. Siku ile nililala nimeshajiambia, basi, nimeshindwa, ndivyo Mungu alivyotaka. Ni rahisi sana kumsingizia Mungu kile unachokitaka wewe.

Jana akaja Yeyo.

Yeyo ni rafiki yangu anayeniletea maziwa. Jina hilo ni mama kwa Kimaasai, na mimi simwiti lingine. Ujana wake ulikuwa kule Olbalbal, kuswaga ng'ombe kutafuta maji, na sasa anakaa na mwanawe huku kwetu. Aliingia na kibuyu chake, akanikuta nimeinamia meza.

"Bibi Neema, unapanda nini hapo?"

"Napanda wazimu. Kaa."

Alisimama akatazama. Kisha akacheka mpaka shanga zikalia. "Nyie Wairaqw, nyie Wambulu! Mnalima mpaka kwenye chuma." Akanisogeza kwa nyonga, akaweka kidole chake juu ya kibao. Mshale ukaenda mbio, moja kwa moja mpaka kwenye kona. Mikono ya Yeyo inalala kwenye maziwa na siagi kila siku, ni laini kuliko ya Neema.

"Tazama! Imenijua! Hata mashine inamjua mwenye ng'ombe."

"Inamjua mwizi wa ng'ombe," nikasema.

Tumeshazeeka na utani huo, babu zake na babu zangu walipigania hao ng'ombe mpaka wakachoka. Alicheka tena, akaketi, akauliza sasa ugomvi wangu na hiki kigae ni wa nini hasa. Nikamweleza. Nikamwambia na habari ya Jumatatu, na habari ya simu itakayopigwa kambini nikishindwa.

Akaacha kucheka. Akamtazama Neema, ambaye alikuwa anamimina maziwa taratibu kuliko maziwa yanavyohitaji.

"Binti yangu aliolewa mbali, Piyaya," akasema. "Nilimsindikiza mpaka njiani. Nikarudi, nikakamua. Ng'ombe hawasubiri."

Alichukua mikono yangu miwili, akaifungua viganja juu, akaitemea mate kidogo, pyu, pyu, kama wanavyobariki kwao, akasema maneno yake kwa Enkai, ndiye Mungu wao. Neema alikunja uso kama aliyeng'ata limau. Mimi sikufuta. Baraka haifutwi kwa kitambaa, hata iwe ya Mmaasai. Niliisugua mpaka ikaingia kwenye ncha za vidole, na kwa kuwa sikujua la kufanya tena, nikagusa kibao.

Mshale ukaenda.

Nikagusa tena, ukaenda tena, ukasimama pale nilipotaka. Yeyo akapiga kigelegele. Neema akaja mbio.

"Ni unyevu tu, Ama! Kidole kilikuwa kikavu mno, kinataka unyevu kidogo!"

"Umesikia?" Yeyo akamwambia. "Chuoni wanakufundisha kutema mate?"

Lakini mtoto alisema kweli. Maana baada ya muda kidogo baraka ilikauka na kibao kikanisahau tena. Ni Neema huyohuyo aliyekwenda kuleta kitambaa kilicholoweshwa maji, akakiweka kwenye kisahani karibu yangu. Nagusa kitambaa, nagusa kibao. Nagusa kitambaa, nagusa kibao. Alikileta mwenyewe. Alipokiweka ndipo alipogundua amefanya nini, akabaki amekishika kile kisahani kana kwamba anaweza kukirudisha.

Sikumtazama. Nilimwacha na huzuni yake, ni yake.

Basi nimechagua kibao. Wanaoniuliza kwa ajili yao wenyewe, nawajibu wazi. Kama vidole vyako ni laini, meza yako ni kubwa, na unataka kitu cha kujaza kiganja, chukua kipanya, usinisikilize mimi. Ni kitu kizuri. Kwangu kimeshindikana kwa mambo matatu ambayo hayana uzuri ndani yake. Kifundo changu cha mkono kinauma kwa kuburuta, na kipanya kinataka uburute. Kikiishiwa chaji kinachajiwa kikiwa kimelala chali kama mende aliyekufa, hukitumii mpaka kishibe, na umeme wetu unaujua. Na la mwisho, mkono wangu hautaacha kusaga. Umri huu siwezi kuubishia mkono. Kibao nakiweka mapajani juu ya kitenge, waya wake umechomekwa, mikono imepumzika, vidole vinatembea peke yao.

Lakini sitasema nakipenda. Hakina pa kushika. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote, kugusa bila kushika. Kila mara vidole vinajikunja vyenyewe vikitafuta mpini, na hakuna mpini.

Nilimwambia Neema leo asubuhi achukue kipanya.

"Umechagua kigumu, Ama," akasema.

"Chako ni kile cha kutembea. Kifunge kwenye soksi kisikwaruzike."

"Na ukikwama?"

"Nitakwama. Nani hajawahi kukwama? Trekta linakwama."

"Na ukiumwa?"

Nilimwambia nikiumwa nitaumwa akiwa hapa na nitaumwa akiwa kule, na akiwa kule angalau atakuwa na mshahara wa nauli ya kuja kunikuta. Alicheka kidogo na pua ikatoa maji. Nikampa upindo wa khanga yangu kama alipokuwa mdogo. Akapenga kwa nguvu, kama alipokuwa mdogo.

Sasa hivi yuko uani. Nimemfukuza humu ndani, maana kuhema kwake kunanipotezea herufi. Namsikia anapukuchua, gunzi linagonga gunzi lingine, anaacha, anasikiliza, anaendelea. Nimeandika tangu ukungu ukiwa mlangoni na sasa umepanda mpaka kwenye vilele vya miti ya migrevilea. Shingo inauma. Mara moja ukurasa ulitaka kunikimbia, nikatoa vidole vyote juu ya kibao nikakaa kimya kama mtu aliyeona nyoka, ukabaki.

Nimebakiza kitu kimoja. Pale juu kwenye kona kuna pa kubonyeza, pa kurushia maandishi yaende kwenu. Mshale nimeshaufikisha jirani yake.

Na nitaandika hili, kwa sababu shajara isiyosema kweli ni karatasi ya kufungia sukari. Kuna njia rahisi ya kumbakisha. Nikosee. Hakuna atakayenilaumu. Kikongwe asiyesoma, vidole vya gome, mashine ya kizungu, nani angeshangaa? Nivitelezeshe vidole pembeni kidogo tu, kila kitu kiwe cheupe, nimwite: Neema, njoo, imepotea. Atakuja mbio. Atanikumbatia. Atapiga simu. Na Jumatatu asubuhi tutakunywa chai wawili, na gari litapita barabarani na vumbi lake bila kusimama.

Nimekaa na wazo hilo muda mrefu, mpaka kidole kimekauka.

Ningemwambia nini baadaye, akiwa na mvi zake, amekaa hapahapa kwenye debe la unga kwa sababu bibi yake alijua kukosea? Nitamkosa. Nitamkosa vibaya sana. Nyumba itakuwa na sauti yangu tu, na mimi sauti yangu nimeshaichoka. Nitaweka vikombe viwili kwa mazoea na kimoja nitakirudisha kabatini. Hayo nayajua, na hakuna kitambaa cha maji kinachoyatibu.

Uani kumenyamaza. Ameacha kupukuchua. Nafikiri amesimama nyuma ya mlango.

Kaa hukohuko, mwanangu. Usiingie.

Kesho ni kanisani. Keshokutwa kuna gari.

Nalowesha kidole. Nabonyeza.